Mchezo wa Sarafina: tukiuhamisha, nini kibaki na nini kibadilike?

  Leo hatutazungumza juu ya kadi za uchaguzi wala juu ya mipaka ya mashamba. Tutazungumza juu ya mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Naomba usizime redio, wala usikunje karatasi. Utaona mwenyewe kwamba ni shauri zito.

Siku si nyingi zilizopita niliitwa katika kambi moja ya ndugu zetu waliokimbia vita. Niliambiwa kuna shauri na wazee wamekaa. Mimi nilisoma sheria, kwa hiyo mtu akiniambia shauri, moja kwa moja ninafikiri shamba, au mahari, au kadi ya chakula iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Kumbe safari hii watu walikuwa wanagombana kwa ajili ya Sarafina.

Wengi wenu mnaijua filamu ile. Mimi niliiona nikiwa shule ya msingi, kwenye kaseti iliyochakaa hata sauti ikawa inakatika, na bado tulilia. Vijana wa komite ya kambi waliiona katika nyumba ya video, wakaipenda kama sisi tulivyoipenda. Wakasema: tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, tuwachezee wazazi wetu Sarafina hapa hapa kambini. Walikuwa wamekwisha kugawana kazi. Sarafina ni msichana wa mwaka wa tano wa sekondari. Mwalimu ni mama mmoja mshona nguo. Bunduki ni za miti. Na kwa kuwa Soweto ni mbali, waliamua kubadilisha mambo machache ili watu wajione wenyewe. Shule ya Soweto ikawa shule ya kijiji walichokimbia. Hapo hakuna aliyekataa.

Lakini wanaoijua filamu wanakumbuka kwamba kuna askari mmoja ambaye wanafunzi wanamchoma moto. Vijana walimpa askari huyo lugha. Wakamfanya aongee lugha ya watu ambao wao wanasema ndio waliowafukuza. Mazoezi yalipofika hapo, mzee mmoja alisimama akaomba wanyamaze. Akasema: "Watoto wangu, watu wanaoongea lugha hiyo wako hapa, mistari miwili ya mahema kutoka hapa. Wamekimbia kama sisi. Siku hiyo watakaa wapi?" Kiongozi wa vijana akamjibu kwa heshima: "Mzee, sisi hatukuvumbua kitu. Kuchomwa kwa askari kumo katika filamu. Yaya huyu amesoma, atuambie kama tumekosa."

Sikujibu siku ile. Nilirudi nyumbani nikakaa na historia ya mchezo wenyewe, maana Sarafina si mchezo uliokaa mahali pamoja. Umehamishwa mara nyingi, na kila ulipohamishwa kitu kilibadilika. Mara moja ulipohamishwa vibaya, nchi nzima ilipiga kelele. Niwasimulie.

Mtunzi wake ni Mbongeni Ngema, Mzulu wa Afrika Kusini, aliyefariki tarehe 27 Desemba 2023 katika ajali ya gari. Katika nyimbo alisaidiana na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta. Wazee wanaokumbuka mwaka 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipokuja kupigana Kinshasa, wanakumbuka pia tamasha kubwa la muziki lililofanyika pale katika mwezi wa Septemba. Masekela alikuwa mmoja wa walioliandaa, na Miriam Makeba aliimba. Shikeni jina la Mama Makeba, tutarudi kwake.

Sarafina ulichezwa mara ya kwanza mwaka 1987 katika jumba la Market Theatre, mjini Johannesburg. Nchi ilikuwa chini ya ubaguzi wa rangi na sheria ya hali ya hatari, na askari waliingia mashuleni. Hadithi inawahusu wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, huko Soweto. Shule hiyo ni shule ya kweli. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wake, pamoja na wa shule nyingine, walitembea barabarani wakikataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya watawala. Polisi waliwapiga risasi. Mmoja wa waliouawa ni mtoto Hector Pieterson. Ndiyo maana OUA ilichagua tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, nayo ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Kwa hiyo vijana wetu wa kambini hawakukosea siku.

Katika mchezo, Sarafina ni msichana anayempenda Nelson Mandela. Mwisho, wanafunzi wanatengeneza sherehe ya shule, na Sarafina anavaa kama Mandela anayetoka gerezani akiwa huru. Angalia mwaka, ndugu yangu. Ni 1987. Mandela yuko gerezani, na hakuna anayejua atatoka lini. Alitoka tarehe 11 Februari 1990. Watoto wale walicheza jambo ambalo halijatokea, mbele ya watu ambao walikuwa hawajaliona.

Uhamisho wa kwanza ulikuwa kwenda New York, mwishoni mwa mwaka 1987. Januari 1988 mchezo uliingia Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya michezo, ukachezwa mara 597 hadi Julai 1989. Hapo mengi hayakubadilishwa. Walikwenda vijana wale wale, zaidi ya ishirini, na nyimbo zile zile zenye Kizulu ndani yake. Waamerika wengi hawakuelewa maneno yote. Hawakutafsiriwa kila kitu, na bado walirudi kutazama. Ninalisema hili kwa ajili ya wale wanaofikiri kwamba mchezo hauwezi kueleweka mpaka uwekwe wote katika lugha ya mwenyeji.

Uhamisho wa pili ndio filamu ya mwaka 1992. Hapa mambo mengi yalibadilika, na hapa ndipo penye jibu la vijana wetu.

Filamu iliongozwa na Darrell Roodt, Mwafrika Kusini mweupe. Maneno yake yaliandikwa na Ngema mwenyewe pamoja na William Nicholson wa Uingereza. Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina jukwaani, alibaki kuwa Sarafina. Mwalimu alichezwa na Whoopi Goldberg, Mmarekani mweusi mwenye jina kubwa. Alipofika Afrika Kusini mwaka 1991, chama cha Mandela kilikuwa kimekubali aje, lakini chama kingine cha Waafrika, AZAPO, kilipinga kwa nguvu. Kilisema hakikushauriwa, na kwamba wasanii wa nje walikuwa bado wamekatazwa kuingia. Ilibidi watu wakae chini wazungumze. Viongozi wetu wa mahali wasikie: ukiuliza upande mmoja tu, ule mwingine utakuuliza kwa nini haukuulizwa, hata kama kazi yenyewe ni njema.

Jukwaani mchezo ulikuwa nyimbo na densi, na mateso yalisimuliwa katikati ya furaha ya watoto. Filamu haikuweza kukaa hivyo. Kamera inakaribia uso wa mtu, na mtazamaji anataka kujua mtu huyo amefanya nini na sasa anabeba nini moyoni. Kwa hiyo waliiongezea uzito hadithi ya askari anayeitwa Sabela. Huyu ni askari mweusi anayewatumikia watawala. Wanafunzi wakiwa na hasira wanamvamia na kumchoma, na Sarafina yumo kati yao. Baadaye anakamatwa na kuteswa. Mwalimu wake naye anafia mikononi mwa polisi. Sarafina anapotoka, hatoki akiwa shujaa anayecheka. Anatoka na kifo cha Sabela juu ya mabega yake.

Na anakwenda wapi? Kwa mama yake. Mama huyo ni mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, na zamani Sarafina alimwonea haya, akamwona mtu aliyekubali kuinama. Sasa anamwona kwa macho mengine: mama ndiye aliyekuwa akiwalisha kila siku. Mama huyo alichezwa na Miriam Makeba, yule yule wa Kinshasa, aliyekaa uhamishoni karibu miaka 30 na kurudi kwao mwaka 1990. Kati ya mambo yote yaliyoongezwa katika filamu, mimi ninaona hilo ndilo zuri kuliko mengine. Wengine wanasema filamu ilipunguza furaha ya jukwaa, na wana haki yao. Lakini mwaka 1992 Mandela alikuwa amekwisha kutoka. Swali la 1987 lilikuwa: tutakuwa huru? Swali la 1992 lilikuwa jingine: baada ya haya yote tuliyotendewa na tuliyoyatenda, tutakaaje pamoja? Walibadilisha mchezo kwa sababu swali la watu lilikuwa limebadilika.

Sasa rudini kwa Sabela. Je, alikuwa mgeni? Hapana. Alikuwa mtu mweusi kama wanafunzi wale. Na tena: katika filamu, Sabela alichezwa na Mbongeni Ngema mwenyewe. Mtunzi aliyewapenda watoto wale na kuwatungia nyimbo alivaa yeye nguo za askari wanayemchukia. Hakutafuta mtu wa upande wa pili amtwike jukumu hilo.

Nilipoliona hilo nilielewa kosa la vijana wetu liko wapi. Si kwamba walibadilisha. Kubadilisha wana haki, na hata wenye mchezo walibadilisha. Kosa ni kwamba walipompa askari lugha ya jirani, waliondoa mzigo ambao Sarafina anapaswa kubeba. Sabela akiwa mtu wa "wale", kumchoma kunakuwa ushindi, watu wanapiga makofi, na hadithi inaishia hapo. Sabela akiwa mtu wetu, watazamaji wanabaki na Sarafina usiku kucha. Yule kijana aliniambia hawakuvumbua kitu. Walivumbua. Walichukua kipande kizito kuliko vyote, wakakifanya chepesi, na wepesi huo ungeweza kuwaletea watu moto wa kweli mistari miwili ya mahema kutoka pale.

Kuna uhamisho wa tatu, na huu ninawaambia zaidi viongozi, na ndugu wote wanaopokea fedha kwa niaba ya wengine.

Mwaka 1995, serikali mpya ya Afrika Kusini ilitaka kuwafundisha vijana juu ya UKIMWI. Wizara ya afya ikafikiri: watu wote wanampenda Sarafina, basi Sarafina arudi. Ngema akapewa kazi ya kutunga mchezo wa pili, ukaitwa Sarafina 2. Nia ilikuwa njema, sina shaka, maana ugonjwa ulikuwa unaenea kwa kasi. Lakini mkataba ulikuwa wa randi milioni 14.27, karibu dola milioni 4 za wakati ule. Mambo yalifanywa kwa haraka ili kuiwahi tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani. Mashirika yaliyokuwa yakipambana na ugonjwa huo yalilalamika kwamba hayakushauriwa ipasavyo na kwamba mafundisho ndani ya mchezo hayakuwa wazi. Watu wakauliza: fedha hizi zimetoka wapi, na nani alikubali? Ikaonekana zilikuwa msaada wa Umoja wa Ulaya, na Umoja wa Ulaya ukasema haukuruhusu zitumiwe hivyo.

Katiba mpya ya nchi ile ilikuwa imeweka ofisi ya Mlinzi wa Umma. Kazi yake ni kuchunguza mambo ya serikali raia wanapolalamika, hata kama mlalamikiwa ni waziri. Mwenye ofisi hiyo wakati ule alikuwa Selby Baqwa. Alichunguza, na mwaka 1996 akatoa ripoti akisema kwamba utaratibu wa kutoa kazi ile haukufuatwa. Mchezo ukasimamishwa. Mimi niliyesoma sheria ninapenda sana sehemu hii ya hadithi, nanyi mtanisamehe: serikali ya wapigania uhuru, miaka 2 tu baada ya kushika nchi, inahojiwa hadharani kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, na haimfungi aliyeuliza.

Tazameni tofauti. Filamu ilibadilisha mengi na ikapendwa, kwa sababu ilikuwa na swali lake. Sarafina 2 ilichukua jina, ikachukua mapenzi ya watu kwa jina hilo, ikafikiri yanatosha. Kambini kwetu jambo hili si la mbali. Shirika likitoa dola 200 kwa ajili ya nguo za waigizaji na kipaza sauti, hesabu isomwe mbele ya watu kabla ya mchezo, na mama mshona nguo ajue kitambaa kilinunuliwa kwa bei gani. Nimeona komite zikivunjika kwa dola 15.

Kiongozi wa vijana aliniuliza pia kama sheria inawaruhusu kuuchukua mchezo wa mtu. Hili nimjibu wazi, maana wengi hamlijui. Hapa kwetu kuna amri-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi. Mchezo, maneno yake na nyimbo zake ni mali ya mtunzi maisha yake yote, na ya warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake. Ngema alifariki mwaka 2023, na Masekela mwaka 2018. Kwa hiyo nyimbo zile na maandishi yale bado yana wenyewe. Kuutafsiri mchezo, kuubadilisha au kuucheza mbele ya watu kunahitaji ruhusa yao. Ruhusa huombwa kwa barua, na barua inaweza kupitia shirika la haki za watunzi. Usidhani kwamba kwa kuwa wewe ni mkimbizi sheria haikuhusu. Ni sheria hiyo hiyo inayomlinda kijana wa kambini anayetunga wimbo leo, mtu wa mjini asiurekodi na kujiandikia jina lake.

Lakini kuna mlango ulio wazi. Sheria inalinda maneno na sauti zilizotungwa. Wazo halina mwenyewe. Wanafunzi wanaokataa kunyamazishwa, msichana anayepoteza mwalimu wake, binti anayemwonea mama yake haya kisha anamwelewa: hayo hayakumilikiwa na mtu yeyote. Andikeni maneno yenu. Tungeni nyimbo zenu. Mpeni msichana jina lingine. Ndugu wa Katanga watanielewa haraka, maana wanaikumbuka kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililocheza redioni na jukwaani kwa Kiswahili cha kwao, juu ya mambo ya nyumba zao, na watu wakajaa kulisikiliza.

Nilirudi kambini na maneno haya. Sikuyasema yote kwa siku moja, na vijana hawakuyapokea yote kwa furaha. Mmoja aliondoka akisema tunawaziba midomo. Ninamwelewa, ameuliwa kaka. Nilimfuata nikamwambia kwamba hakuna anayemkataza kusema kaka yake aliuawa na nani. Kwa hilo kuna njia ya kutoa ushahidi, na nilimpa nafasi tukaandika pamoja karatasi mbili, zenye tarehe na mahali. Lakini ushahidi una mtu mmoja anayeitwa kwa jina lake, na jukwaa lile lingeita lugha nzima. Hakurudi kwenye mazoezi siku ile. Karatasi alizichukua.

Wengine walikaa na mzee yule hadi jioni. Walikubaliana kwamba askari ataongea Kiswahili, kama wote, na kwamba ni mtoto wa kijiji kile kile. Msichana hataitwa tena Sarafina. Jina bado wanabishana. Wameongeza mama anayebeba mizigo sokoni ili binti yake asome. Mzee alitaka kumwondoa kabisa askari anayechomwa, vijana wakakataa, na mimi niliwaunga mkono vijana: kifo hicho kibaki, na baada yake pawe na kimya kirefu bila wimbo. Halafu ikaja shida ya nani awe askari, maana hakuna aliyetaka. Kiongozi wao, yule aliyeandika mchezo kwa mkono kwenye daftari, aliinua kidole akasema atakuwa yeye.

Wale wa mistari miwili ya mahema walialikwa. Wametuma watu wawili wa ngoma. Mazoezi ni saa tisa mchana, maji yakiisha kuchotwa, nyuma ya hema la shule. Viongozi wa kambi nyingine wanaotaka kuona mazoezi wanakaribishwa, ila wasije na makamera.

Kwa leo muda wetu umekwisha.